Mvua au Karatasi? Pwani ya Wabajuni Kati ya Somalia na Kenya



Vitabu vingi vya shule hulinganisha nchi mbili kwa jedwali. Upande mmoja huandikwa Kenya, upande wa pili Somalia, kisha hufuata eneo, urefu wa pwani, mvua, mito na mazao. Utaambiwa kwamba Kenya ina kilomita za mraba zipatazo 580,000 na Somalia zipatazo 638,000; kwamba pwani ya Kenya ni fupi, kilomita 500 na ushei, ilhali ya Somalia inazidi 3,000; kwamba Ikweta inazikata nchi zote mbili. Hayo ni kweli, nami huwataka wanafunzi wangu wayakumbuke. Ila jedwali lina kasoro yake: huzitenganisha nchi kabla hata hatujazitazama. Leo nakuomba tuanzie mahali nchi hizi zinapogusana, pale penye mshono, na kwa kila tofauti tutakayoiona tuulize swali moja: je, hii imeletwa na mvua, au imeletwa na karatasi?

Mahali penyewe ni pwani ya Wabajuni. Chukua ramani uitafute Kisimayu, ambayo Wasomali huiandika Kismaayo. Iko kusini kidogo ya Ikweta. Karibu nayo, upande wa kaskazini, Mto Juba unaingia baharini penye mji mdogo wa Goobweyn. Sasa peleka kidole chako kusini-magharibi, ukifuata ufuo. Utakuta mlolongo wa visiwa vidogo vyembamba vilivyojipanga sambamba na bara kama shanga katika uzi: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula, na vingine vingi visivyokaliwa na watu. Endelea, upite Burikavo na hori zake za mikoko, mpaka ufike Rasi Kiamboni. Hapo Somalia inakwisha. Visiwa lakini havikwishi. Kidole chako kinaingia Kenya na kukuta Kiunga na visiwa vyake vidogo, kisha Kiwayu, Ndau, Pate, Manda na Lamu.

Vingi vya visiwa hivi vina asili moja. Ni miamba ya matumbawe ya kale iliyojengeka zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo; maji yaliposhuka, mgongo wa mwamba ukabaki wazi. Ndiyo maana udongo wake ni haba na kingo zake ni kali zenye kukata miguu. Nyuma ya visiwa, kati yake na bara, maji ni matulivu, nayo mashua ndogo huweza kupita hata siku za upepo. Mbele yake ni bahari kuu. Nahodha aliyejua njia ya ndani aliweza kutoka Kisimayu mpaka Lamu, sehemu kubwa ya safari akiwa amekingwa na mawimbi. Kwa hiyo kabla hatujasema neno juu ya serikali yoyote, maumbile yenyewe yalikwisha kuifanya pwani hii kuwa barabara moja.

Lugha nayo ilisafiri katika barabara hiyo. Kibajuni, kiitwacho pia Kitikuu, ni lahaja ya kaskazini ya Kiswahili, na huzungumzwa pande zote mbili za mpaka. Mwanafunzi wa Kiswahili sanifu hupata taabu kidogo mwanzoni, kisha hufurahi anapogundua kanuni. Mahali pengi ambapo sisi husema t, Mbajuni husema ch: watu kwake ni wachu, tatu ni chachu. Ukiijua kanuni hiyo, fumbo moja la ramani linafumbuka. Katika ramani nyingi Chula imeandikwa Tula, na Chovai imeandikwa Tovai. Msomaji asiyejua lahaja hudhani kuna visiwa vinne. Wewe utajua kwamba ni viwili. Na jina la Kisimayu wengi huligawa hivi: kisima, na yuu, ambalo ni juu katika lahaja za kaskazini.

Tuje kwenye pepo, maana hapa ndipo pwani hii inaponivutia kuliko popote. Tangu Desemba hivi hadi Machi huvuma kaskazi. Kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba huvuma kusi. Katikati yake kuna maleleji, upepo unapobadilika na bahari kutulia. Hayo utayakuta kutoka Kilwa hadi Barawa. Jambo la pekee la pwani ya Wabajuni liko chini ya upepo, katika mkondo wa maji. Wakati wa kusi, mkondo wote hukimbia kwenda kaskazini, kutoka Tanzania kupitia Kenya hadi Somalia. Wakati wa kaskazi, mkondo wa Somalia hugeuka na kushuka kusini. Ule unaotoka Tanzania na Kenya hauachi kupanda. Mikondo miwili hukutana ana kwa ana, mwaka huu mbele kidogo, mwaka ujao nyuma kidogo, lakini daima karibu na eneo hili hili la Kisimayu na Lamu. Kisha hugeuka pamoja na kuelekea bahari kuu. Maji ya chini, yenye baridi na rutuba, hupata nafasi ya kupanda juu. Samaki hufuata rutuba, na wavuvi hufuata samaki. Matumbawe hayapendi sana baridi hiyo, na ndiyo sababu mojawapo ya matumbawe ya kaskazini mwa Kenya kutokuwa na aina nyingi kama yale ya kusini.

Mvua ni tofauti ya kweli, na haiji kwa ghafla. Mombasa hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, Lamu 900 hivi, na Kisimayu kama 400 tu. Ukisafiri kwenda kaskazini, minazi hupungua, miti ya miiba huongezeka, na bara linakuwa la mfugaji zaidi kuliko la mkulima. Ila hutaona mahali popote ambapo mtu angeweza kusimama na kusema: mguu wangu wa kulia uko kwenye unyevu na wa kushoto uko kwenye ukame. Hata msitu wa Boni, wenye nyani, nyati na mbung'o, umetandaa pande zote mbili, na Waaweer waliozoea kurina asali ndani yake walikuwa huko kabla ya mpaka kuwekwa.

Mito ni hadithi nyingine. Tana huzaliwa ndani ya Kenya, katika milima ya katikati ya nchi, na kuingia baharini karibu na Kipini. Juba huzaliwa katika nyanda za juu za Ethiopia, kwa hiyo Msomali wa Jamaame hutegemea mvua iliyonyesha katika nchi ambayo hana sauti ndani yake. Katika bonde la Juba wapo wakulima ambao hadi leo husema Kizigula, lugha ya Tanzania, kwa kuwa mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka huko katika karne ya 19. Nalitaja hili upesi tu, maana linastahili makala yake peke yake.

Visiwani hakuna mto. Watu huchimba visima, na maji yake mara nyingi yana chumvichumvi. Kwa hiyo hukinga mvua na kuihifadhi katika jabia, yaani birika kubwa la kujengwa kwa mawe na chokaa. Neno hili huenda usilipate katika kitabu chako cha kwanza cha Kiswahili, lakini mtoto wa Pate analijua kabla hajajua neno bomba.

Jirani yangu mmoja wa Mombasa ni mzee aliyezaliwa Chula. Jioni moja, baada ya kumwamkia shikamoo naye kuniitikia marahaba, nilimuuliza alijuaje, alipokuwa kijana mwenye mashua, kwamba ametoka Somalia na kuingia Kenya. Alifikiri kidogo. Akasema, "Mwalimu, maji ni yale yale na samaki ni wale wale. Nilijua nimefika Kenya nilipoulizwa karatasi."

Basi tuitazame karatasi yenyewe. Katika karne ya 19 pwani hii, pamoja na Kisimayu, ilikuwa chini ya dai la Sultani wa Zanzibar. Waingereza walipoichukua, Jubaland ikawa mkoa wa koloni lao lililokuja kuitwa Kenya. Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Italia iliahidiwa, katika mapatano ya London ya mwaka 1915, kwamba ikipigana upande wa Uingereza na Ufaransa itapata nyongeza ya ardhi katika Afrika. Deni hilo lililipwa kwa Jubaland. Mkataba ulitiwa saini mwaka 1924, ardhi ikakabidhiwa mwaka 1925, na mwaka uliofuata ikaunganishwa na Somalia ya Italia. Mpaka mpya ulishuka kutoka bara kwa mstari mrefu ulionyooka na kugusa bahari karibu na Rasi Kiamboni. Haukufuata mto wala safu ya vilima. Kabla ya hapo Mbajuni wa Chula na Mbajuni wa Kiunga walikuwa chini ya bwana mmoja. Baada ya hapo walikuwa na mabwana wawili, na hakuna aliyewauliza.

Sasa angalia jinsi mstari ule ulivyoanza kuandika juu ya maumbile. Mwaka 1979 Kenya ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, ikiwa na visiwa vidogo zaidi ya 50, matumbawe, mikoko na nyasi za baharini ambazo kasa na nguva hulisha. Hifadhi hiyo inaishia mpakani, ilhali mwamba unaendelea. Wabajuni walikuwa na ustadi wa zamani wa kumvua kasa kwa kutumia chazo, samaki mwenye kikonyo cha kunyonya juu ya kichwa chake. Chazo alifungwa uzi mkiani, akaachiliwa majini, akamganda kasa, na mvuvi akamvuta kasa huyo taratibu asije akaachiliwa. Sijui ustadi mwingine wa uvuvi unaohitaji subira kama huo. Leo upande wa Kenya kasa amelindwa na sheria, na anayemvua ni mhalifu. Upande wa Somalia, ambako serikali kuu ilianguka mwaka 1991, kwa miaka mingi hapakuwa na mtu wa kuisimamia sheria ya namna hiyo. Kasa huyo huyo huogelea kutoka upande mmoja hadi wa pili kwa siku moja.

Miti nayo ina masimulizi yake. Kaunti ya Lamu peke yake ina takriban asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya. Zamani boriti za mikoko zilipakiwa majahazini na kupelekwa Uarabuni, ambako hapakuwa na miti ya kuezekea nyumba. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuziuza nje, na mwaka 2018 ukataji wenyewe ukasimamishwa kwa muda, jambo lililowaumiza wakataji ambao hawakuwa na kazi nyingine. Upande wa pili, biashara iliyokua baada ya kuanguka kwa dola ilikuwa ya mkaa. Migunga ya nyuma ya Kisimayu ilikatwa, ikachomwa, na mkaa ukasafirishwa kwenda nchi za Ghuba. Fedha zake ziliwafikia wapiganaji wa Al-Shabaab, hata Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapiga marufuku biashara hiyo mwezi wa Februari 2012. Ukame ulikuwa umeifanya migunga ya Kisimayu kuwa michache tangu mwanzo; vita viliifanya kuwa michache zaidi. Mwanafunzi anayetazama picha ya setilaiti na kusema tu kwamba "Somalia ni kame" amesoma nusu ya picha.

Usidhani, lakini, kwamba upande wenye serikali ndio upande wa raha. Miaka ya 1960, wakati wa vita vya Shifta, Wabajuni wengi wa bara ya Kenya walivihama vijiji vyao, na vingine havikurudiwa. Baada ya majeshi ya Kenya kuingia Somalia mwaka 2011, wavuvi wa Lamu walikatazwa kwa miaka kadhaa kuvua usiku kwa sababu za usalama, na kuna samaki ambao huvuliwa usiku tu. Ujenzi wa bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021, ulichimbua sakafu ya bahari na kuharibu maeneo ya uvuvi. Tofauti ni kwamba wavuvi hawa walikuwa na mlango wa kubisha. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyokaa Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kulipwa kwenyewe kulichelewa. Hata hivyo, mvuvi wa Chula anayeona meli za kigeni zikikokota nyavu mbele ya kisiwa chake hajapata mahakama ya karibu ya kupeleka shauri lake, nami kwangu hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote nilizozitaja. Haimo katika jedwali lolote la jiografia nililowahi kuliona.

Mstari wa bara ulipokwisha kuzoeleka, ukaja ugomvi juu ya mstari wa baharini. Kenya ilitaka mpaka uende moja kwa moja mashariki, ukifuata latitudo. Somalia ilitaka ufuate mwelekeo wa pwani, ukiwa umbali sawa kutoka kila upande. Kati ya madai hayo mawili palikuwa na pembetatu ya bahari yenye kilomita za mraba zaidi ya 100,000. Somalia ilifungua kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague mwaka 2014, na tarehe 12 Oktoba 2021 mahakama ikachora mstari ulio karibu zaidi na dai la Somalia, ukiwa umesogezwa kaskazini kidogo kwa faida ya Kenya. Kenya ilisema haiutambui uamuzi huo. Mstari unaanzia pale pale karibu na Kiamboni, katika maji ambayo mikondo miwili hukutana wakati wa kaskazi.

Nimesema mengi juu ya mwamba na mikoko, na watu wenyewe nimewaacha nyuma. Dola ya Somalia ilipoanguka, Wabajuni, wasio na silaha wala ukoo mkubwa wa kuwatetea, walishambuliwa na kunyang'anywa mashua. Wengi walikimbilia Kenya kwa njia ile ile ya ndani ya visiwa. Baadhi walirudi visiwani baadaye, wengine walibaki Mombasa na Malindi, na wengine walifika Ulaya. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Katiba ya muda ya Somalia ya mwaka 2012 inakitaja Kisomali kuwa lugha rasmi, na Kiarabu kuwa lugha ya pili. Katika mfumo wa kugawana viti uitwao nne na nusu, makabila manne makubwa hupata fungu zima kila moja, na wachache wote, Wabajuni wakiwamo, hugawana nusu. Mwaka 2024 Somalia imekuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake unataka Kiswahili kikuzwe kuwa lugha ya mawasiliano ya eneo zima. Kwa hiyo lugha ambayo Mbajuni aliichekewa Mogadishu sasa ni lugha ambayo serikali yake imeahidi kuikuza.

Huko Ulaya jiografia imekuwa ushahidi. Mtu anayeomba hifadhi nchini Uingereza akisema yeye ni Mbajuni kutoka Somalia huulizwa juu ya visiwa vyake, na usemi wake husikilizwa ili ijulikane kama anasema Kibajuni cha Somalia au Kiswahili cha Kenya. Fikiria mtoto aliyezaliwa Koyama mwaka 1988, akakimbilia Mombasa akiwa na miaka mitatu, akalelewa mtaani na watoto wa Kenya. Husema watu mahali mama yake husema wachu. Hawezi kukuambia kisima cha Koyama kiko upande gani. Je, ametoka wapi? Mwaka 2004 kundi la wanaisimu wa nchi mbalimbali lilitoa mwongozo likisema kwamba lugha huweza kuonyesha mahali mtu alipolelewa, na kwamba uraia ni jambo jingine ambalo mwanaisimu hapaswi kulikata. Nafikiri kila mwalimu wa lugha angepaswa kuusoma mwongozo huo.

Kazi ya wiki hii, basi. Chora ramani ya pwani kutoka Goobweyn hadi Kipini kwa mkono wako, bila mpaka wowote. Andika majina ya visiwa, na ukikuta Tula uandike Chula. Kwa kalamu ya rangi nyingine weka mito, mikoko, msitu wa Boni, na mshale wa mkondo wa kaskazi na ule wa kusi. Mwisho kabisa, kwa penseli, weka mstari wa 1925 na mstari wa 2021. Kisha niandikie kwa Kiswahili, aya moja tu, ni vitu gani katika ramani yako vimekatwa na penseli.